Kadi Nje ya Plastiki

Kila Jumapili alasiri fundi wa fotokopi hupangusa meza mara mbili kabla ya kupanga askari wake wa udongo, kila mmoja mdogo kama kidole gumba. Chadia, jirani anayecheza naye, ameshamzoea. Kila askari ana kadi yake, na kila kadi imevikwa plastiki. Askari akijeruhiwa, fundi huchora mstari kwa kalamu ya feutre juu ya plastiki. Mistari mitano, amekufa. Mchezo ukiisha, hufuta yote kwa kitambaa, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso. Kadi yenyewe haiguswi. “Jeraha iko huku juu tu,” husema kwa ile sauti yake ya puani. “Muntu mwenyewe iko muzima.”

Jumapili hii, mchezo ukiwa katikati, mlio mzito wa bomu ulitoka upande wa mji wa Kamanyola, chai ikamwagika mezani. Chadia alimngoja fundi acheke, maana siku zote hucheka. Hakucheka. Mlio wa pili ulipokuja, karibu zaidi, alianza kuzivua kadi plastiki, akiziacha zianguke ndani ya chai, yeye aliyewahi kumfukuza mtu kwa kuzishika kwa mikono yenye maji. Akatoa mfukoni kadi yake ya kura, ile anayoonyesha kama kitambulisho kwenye vizuizi vya barabarani, na ya mkewe, akazivika. Hakufuta mistari.

“Weye, Chadia, lete yako,” alinong'ona. “Mbio!”

Plastiki aliyomnyooshea ilikuwa na mistari mitano.