Mistari Mitatu ya Wilondja

Mpaka saa hii akili inakataa, bandugu. Homa ya siku tatu tu, na jana tumemzika Wilondja, mchoraji wetu wa hapa mjini Baraka.

Wengi mlimjua kwa vichwa vyake visivyo na macho. Mimi kinyozi, nilimjua kwa kichwa chake mwenyewe.

Miaka sita alikaa kwenye benchi ya salon yangu na kalamu ya bic, anachora vichwa vya wateja. Mwanzoni aliweka kila kitu, hata chunusi. Kisha akaanza kutoa. Akatoa macho, akatoa mdomo, akatoa masikio. Mwisho ikabaki mistari mitatu: paji, kisogo, taya. Na bado unamjua mtu ni nani.

Kibao cha salon alinichorea hivyo hivyo, vichwa vinne kama mayai. Mzee mmoja kutoka kule Nundu akauliza hiyo ni coupe gani ya nywele. Nikamwambia ni ya watu wanaofikiri. Akaagiza ile ya tatu.

Siku moja niko namnyoa Wilondja, nikamuuliza macho yamemkosea nini.

"Macho iko ya kuomba," akasema. "Kichwa haiombi kitu. Siku nikikufa, usiniwekee macho. Apa."

Nikaapa, wembe uko shingoni mwake.

Mara tatu aliitwa Bukavu kuonyesha kazi zake. Mara tatu njia ikafungwa. Alikunja makaratasi, akakaa parking ya magari tangu asubuhi, saa sita akarudi kwenye benchi. Hakulalamika. Ila vichwa vikaanza kuingia ndani ya mraba, paji limegusa huku, kisogo kimegusa kule. Nikamshauri achukue karatasi kubwa zaidi. Akanijibu karatasi iko ya kutosha, ni njia ndiyo imeisha.

Sasa matanga. Kwetu picha inatangulia mbele ya sanduku. Asiye na picha anazikwa kama mpita njia. Na Wilondja alikimbia foto maisha yake yote. Tukapata karte yake ya kura tu, jasho limefuta uso wote. Hata karte ilimchora kwa mtindo wake.

Ikabaki kichwa alichojichora mwenyewe. Mama yake akaniletea salon, mbele ya bamama wote, pamoja na bic.

"Mutoto yangu hakuzaliwa kipofu. Muwekee macho."

Nikamweleza kiapo. Akasikiliza mpaka mwisho.

"We uliapa," akasema. "Mi nilizaa."

Nikaenda kukaa kwenye kiti changu cha kunyolea. Kumkatalia mama, haiwezekani. Kuvunja kiapo, haiwezekani. Nje wanaume walishainua sanduku, wananingoja mimi.

Nikachora mistari miwili midogo, imelala. Macho yaliyofumbwa.

Mama akaipokea, akaangalia. "Ndiyo," akasema. "Alikuwa analala hivi." Picha ikatangulia.

Wilondja, ulitafuta mistari mitatu miaka sita. Mimi nimekurudisha kwenye mitano kwa dakika moja. Tukikutana utanigombeza.

Kwa sasa lala, ndugu yangu. Macho nimekufumba mimi.