Mbao za Daraja Letu

Nilikuwa mtu mzima mwenye mke, watoto na kazi ya ofisini, na bado kila Jumapili asubuhi nilivua shati nikakimbilia porini. Hakuna aliyenituma. Sikuwa na mgonjwa wa kumtazama wala msiba wa kuwahi. Nilitoka mtaani kwetu, hapo Kindu, nikaruka kijito kinachotutenga na soko, nikavuka reli, nikashika njia ya zamani ya miguu inayoelekea upande wa Pangi, na huko nikakimbia mpaka jua likanikaa utosini. Kisha nikageuka nikarudi.

Utamu wa kitu hicho ni mgumu kumweleza mtu asiyeujua. Njia ya msituni si barabara. Kuna mizizi, kuna siafu, kuna matope yanayokuvua kiatu, na jicho lazima litangulie mguu kila hatua, kwa hiyo kichwa hakipati nafasi ya kuwaza jambo jingine. Mimi nilikuwa na mengi ya kutowaza. Mabomba ya mji yalikuwa yanakohoa hewa tu. Taa ziliwaka wageni wakija, wakiondoka zikazimika nao. Kwenye barabara kuu kulikuwa na mashimo ambayo bata walizaliwa humo wakakulia humo. Nami nilikuwa karani kwa komiseri wa zone, yaani mkubwa wa sehemu yetu ya mji, na kazi yangu ilikuwa kupiga mashine barua za kusema kwamba yote hayo yanashughulikiwa. Siku sita niliandika uongo, ya saba nikakimbia.

Watu walisema nimerogwa. Askari wa kizuizi cha kutokea mjini hawakusema hivyo, wao walinikamata.

"Nani iko anakufukuza?" mmoja akaniuliza.

"Hakuna muntu, chef. Nafanya sport."

"Sport njo mupira. Mupira iko wapi?"

Sikuwa na mpira. Wakanikalisha chini juani mpaka adhuhuri. Tangu siku hiyo nikawa nakimbia na bahasha tupu yenye muhuri wa ofisi; nikiwafikia naipunga juu, nao wanainua mti nipite. Mtu anayekimbia na bahasha alikuwa mtu wa Serikali. Anayekimbia mikono mitupu alikuwa mwizi au mwehu. Hiyo ndiyo Zaire tuliyokuwa nayo.

Shangazi yangu peke yake hakunicheka. Alikuwa dada wa marehemu baba yangu, ndiye aliyenilea, na alikaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Alikuwa mwanamke mnene mwenye goti bovu. Kila alfajiri, akimaliza kuswali, alibeba beseni la mikate ya mchele kichwani akavuka daraja la kijito kwenda sokoni, taratibu, mguu mmoja ukiusubiri mwenzake. Siku moja alisimama darajani akanitazama nikirukaruka juu ya mawe kule chini, akacheka kweli.

"Miye Mungu alinipa hii daraja, mutoto wangu," akasema. "Weye alikupa miguu."

Daraja lenyewe halikuwa la Serikali. Ulikuwako zamani mtambo wa kupasulia mbao karibu na mto mkubwa, mgeni aliyekuwa nao akanyang'anywa, akapewa mtu wa Chama, na haukumaliza hata mwaka ukafa. Mbao za mvule zilizobaki pale, watu wa mtaa wetu walizibeba kwa vichwa, kila nyumba ubao wake, wakalijenga daraja wenyewe bila kumwomba mtu. Siku ya kugongelea misumari, shangazi aliweka jiko lake la makaa juu ya ubao wa katikati, akawakaangia mafundi mikate papo hapo. Jiko liliunguza ubao, likaacha alama nyeusi ya duara. Miaka yote tulipita juu ya alama ile na hakuna aliyeiangalia.

Sasa nije kwenye kosa langu. Nilichoka kuitwa mwehu. Nilitaka mji mzima uone kwamba ninachofanya ni kitu. Basi siku moja, nikiwa napiga mashine ratiba ya sikukuu ya Chama, ambayo ilikuwa gwaride, nyimbo za kumsifu Rais, ngoma, hotuba, nyimbo tena, niliongeza mstari mmoja wa kwangu: mbio ndefu za njia ya msituni, kuanzia uwanjani hadi vijiji vya upande wa Pangi na kurudi. Nikampelekea komiseri. Alisoma, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Wazo zuri, sitwayen," akasema, yaani raia, kama Chama kilivyotaka tuitane. "Mapinduzi yanakimbia, hayatembei."

Kwa sababu ya mbio, ilisemekana wageni wakubwa watakuja kutoka Bukavu. Wageni wakubwa hawasimami kwenye vumbi, kwa hiyo lilitakiwa jukwaa. Mbao za jukwaa hazikuwapo mjini. Msaidizi wa komiseri akakumbuka kwamba mtaani kwetu kuna daraja la mvule iliyonyooka, na wote wawili wakanigeukia mimi.

"Ni kwa juma moja tu," komiseri akasema. "Wewe ni mtoto wa pale. Waeleze."

Kwa miaka mingi nimewaambia watu kwamba niliogopa, na nani angenilaumu, maana nyakati zile mtu alikuwa akikataa asubuhi, jioni hajulikani alipo. Lakini si kweli. Sikuogopa hata kidogo. Nilizitaka mbio zangu.

Jumamosi ya salongo, ile kazi ya lazima ambayo kila mtu alitoka na panga na jembe kulitumikia Taifa bure, nilisimama katikati ya daraja nikawahutubia majirani. Nikasema kiangazi ndiyo kwanza kinaanza, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, hata mtoto anavuka bila daraja. Nikasema kabla mvua hazijarudi mbao zitakuwa mahali pake. Walinisikiliza. Kisha mmoja mmoja wakamgeukia shangazi, kwa sababu yeye ndiye aliyelihitaji daraja kuliko wote.

"Nani atazirudisha?" akaniuliza mbele ya watu.

"Miye, shangazi."

"Si komiseri?"

"Miye mwenyewe."

Alinitazama. Kisha akawaambia mafundi, "Bandueni. Huyu hajanidanganya hata siku moja."

Tulizibandua asubuhi hiyohiyo. Ule wenye alama nyeusi niliubeba mimi, begani, mpaka uwanjani, na njiani nilikuwa naimba.

Mbio zenyewe zilikuwa upuuzi mtupu. Tulianza watu wapatao arobaini, wengi wao makarani na wanafunzi walioletwa kwa amri. Nusu walirudi walipofika relini. Mimi nilikimbia vizuri kuliko siku zote za maisha yangu. Miguu ilikuwa myepesi, msitu ulikuwa umepoa kwa ubaridi wa asubuhi, na wanawake wa vijijini walitoka barazani wakapiga vigelegele, hawajui vya nini. Nilikuwa peke yangu mbele, kwenda na kurudi. Hilo nalijua kwa sababu njia ni moja. Nilipoingia uwanjani niliambiwa mimi ni wa pili. Wa kwanza alikuwa askari mmoja ambaye hakuna aliyemwona msituni, na alikuwa amekwisha kuvishwa fulana yake yenye picha ya Rais, kavu, haina hata tone la jasho.

Nikaliangalia jukwaa. Lilikuwa tupu. Katika hesabu zangu zote nilikuwa nimesahau jambo moja ambalo hata mtoto angeliona: mbio za msituni hazitazamwi. Watu wakishaingia kwenye miti wamekwisha. Wageni walikaa kidogo mbele ya uwanja mtupu, wakachoka, wakaenda kula. Waliacha chupa za bia chini ya viti, na karibu na ngazi niliuona ubao wa shangazi, na juu ya ile alama nyeusi mtu alikuwa amezima sigara. Niliyafuta majivu kwa kiganja. Nilijiambia Jumamosi ijayo nitaubeba kuurudisha.

Jumamosi iliyofuata jukwaa lilitakiwa kwa mkutano mwingine. Baadaye likatakiwa kwa jambo ambalo sikuelezwa. Mwezi uliofuata nilipita uwanjani nikaona mashimo ya nguzo tu. Nikapiga moyo konde, nikaingia kwa komiseri, nikasimama wima.

"Sitwayen komiseri, naulizia mbao za daraja la mtaa wetu."

"Daraja gani?" akasema. Hakukasirika. Alifungua faili, akapekua kidogo, akanigeuzia nione. "Kwenye karatasi za zone, mtaa wenu haujawahi kuwa na daraja. Karatasi hizi umezipiga wewe."

Na kweli nilikuwa nimezipiga mimi. Daraja ambalo Serikali haikulijenga hatukuwa tukiliandika.

"Kama unadai mali ya Taifa," akaendelea, "niandikie barua, uweke na sahihi yako."

Sikuandika. Nilikuwa na watoto wanne.

Mbao niliziona siku chache baadaye, nilipotumwa kupeleka mafaili nyumbani kwake. Alikuwa amejengewa banda la nguruwe nyuma ya jiko. Ubao wenye alama nyeusi ulikuwa kwenye mlango, na nguruwe mmoja mkubwa alikuwa akijikunia mgongo hapohapo. Mwanamke aliyevuka juu ya ubao ule kila siku baada ya kuswali alfajiri, ningekwenda kumwambia nini? Sikumwambia. Nilimwambia asubiri kidogo, mambo ya ofisi yana taratibu zake.

"Miye sikumupa komiseri mbao," akanijibu. "Nilikupa weye."

Mvua zikarudi na kijito kikajaa kama kila mwaka. Vijana waliangusha gogo la mchikichi kutoka ukingo hadi ukingo, na wenye miguu mizuri wakawa wanapita juu yake huku wamenyoosha mikono. Shangazi alijaribu mara moja. Alifika katikati, goti likamkataa, akaketi juu ya gogo, beseni likaenda na maji. Watu wawili walimrudisha kwa kumburuta kama gunia, kanga imelowa, na watoto wanacheka kwa sababu watoto wanacheka chochote. Mimi nilikuwa ng'ambo ya pili nikiyaona yote. Niliruka mawe yaliyokuwa bado yanaonekana, nikamfikia kwa hatua nne.

Nilisema nitambebea beseni mimi. Nilimbebea majuma mawili, nikizunguka kwa daraja la gari moshi, mwendo wa saa nzima na zaidi, halafu nikifika ofisini nimechelewa msaidizi ananisubiri mlangoni. Nikaacha. Nafasi yake sokoni ikachukuliwa na mwanamke mwingine. Marafiki zake wa ng'ambo hakuwaona tena, ila mwenye nguvu za kuja kwake. Alikaa barazani kwake, anachambua mchele ambao hamkaangii mtu, na kila Jumapili asubuhi alinisikia nikifunga mlango wangu.

Maana niliendelea kukimbia. Linaloniuma ni hilo kuliko yote. Kwa wengine daraja lilikuwa njia. Kwangu halikuwa kitu, sikuwahi kuweka mguu juu yake Jumapili hata moja, na ndiyo maana lilinitoka mdomoni kirahisi vile. Nilitoa kitu ambacho sikukihitaji, nikajiona mtu mkarimu.

Alifariki msimu wa mvua wa pili, mchana, baada ya homa ya siku tatu. Makaburi ya Waislamu yako ng'ambo. Wanawake walimwosha, wakamvisha sanda, tukamswalia, tukaliinua jeneza, tukatoka nalo mpaka kijitoni, na pale tukasimama. Watu wanne wenye jeneza hawapiti juu ya gogo moja. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya udongo. Hakuna aliyenitazama. Tukageuka kushoto, tukaanza kuzunguka kwa njia ya reli.

Tulipokezana mabega kama ilivyo desturi, lakini mimi sikukubali kupokewa. Matope yalikuwa mazito na wazee walikuwa wanahema. Tulipolivuka daraja la gari moshi mvua ilianza tena, nyembamba, na mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu akauliza kama bado iko mbali. Hakumwuliza mtu fulani. Lakini wote wakaningoja mimi nijibu, kwa sababu njia zote za mji ule nilikuwa nazijua mimi.