Mkondo Hafifu wa Fundi Tumainieli

Fundi Tumainieli hapendi kazi nusunusu. Mpe bango la saluni, atachora mkasi kushoto na mwingine kulia, hata kama uliomba mmoja. Hapa kijijini kwetu Mamba karibu kila duka lina mkono wake, na chini ya kila kazi kuna jina lake kwa rangi nyekundu. Rangi hiyo namuuzia mimi, kwa hiyo najua anavyolipenda jina lake. Ana maringo, lakini nampenda.

Mwaka huu Mwalimu Naomi, anayefundisha fizikia sekondari, alimwomba achore galaksi kwenye ukuta wa nje wa maabara kabla ya mahafali. Katikati ya galaksi hiyo kuna shimo jeusi lenye uzito wa mabilioni ya majua. Gesi yenye moto mkali, wataalamu wanaiita plazma, inalizunguka kwa kasi ya kutisha. Nyingi humezwa, ila nyingine hunaswa na nguvu za sumaku kabla haijaingia, ikarushwa nje kwa mikondo miwili mirefu kuliko galaksi yenyewe.

Miwili! Fundi alifurahi kweli. Akachora mkondo wa buluu juu na mwenzake chini, sawasawa kama pembe za ng'ombe, kisha akaniita nikaone. Ukuta ulipendeza mno.

Mwalimu Naomi alipofika, alimwamkia kwanza, halafu akautazama ukuta kutoka juu hadi chini.

"Fundi, kosa ni langu, sikukueleza vizuri. Huu mkondo wa chini upo, lakini kwenye darubini unaonekana kwa shida sana."

"Kwa nini, na wakati ni pacha?"

"Bodaboda ikija mbele yako usiku, taa yake si inakuumiza macho? Ikishakupita je?"

"Naona taa ndogo ya nyuma tu."

"Ndiyo hivyo. Mkondo wa juu unakuja upande wetu, karibu kwa kasi ya mwanga, na nuru yake inakusanyika mbele. Mwenzake anakwenda zake, anatupa mgongo."

Fundi alielewa mara moja, na hicho ndicho kilichomkera.

"Wazazi watasema Tumainieli kazeeka, kaishiwa rangi. Nitamweleza kila mtu habari za bodaboda?"

"Ukitaka tuuache ulivyo," alisema Naomi kwa upole. "Ila wanafunzi wangu watajifunza kisicho kweli."

Fundi akaja dukani kwangu amenuna, akachukua kopo la rangi nyeusi. Kesho yake aliipaka juu ya ile buluu ya chini, akiifuta kwa kitambaa, akipaka tena, mpaka mkondo ukabaki kama moshi wa jiko linalozimika. Kisha akafunga brashi zake na kuondoka. Jina hakuandika. Niliumia, maana sikuwahi kumwona akiikana kazi yake.

Siku ya mahafali wazazi walijaa mbele ya ukuta. Mama Eliwaza, ambaye mdomo wake tunaujua, akacheka kwa sauti.

"Jamani, huku chini fundi alichoka?"

Nilitamani kumziba mdomo. Tumainieli alikuwa nyuma yetu, ndani ya suti yake ya kanisani. Akapenya katikati ya watu, akatoa mfukoni brashi na kikopo cha rangi nyekundu, akapiga goti vumbini. Akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa kuliko za bango lolote la Mamba, pale pale mkondo hafifu unapoishia.

Kisha akamgeukia Mama Eliwaza, akitabasamu.

"Haya, mama. Umewahi kupishana na bodaboda usiku?"