Ukuta Mbele ya Kitanda

Nilipopata kazi katika duka la fanicha mjini Kakamega, mama aliwaambia wenzake wa kanisani kule Butere kwamba nimepata mahali pa kukaa huku nikitafuta kazi. Hakusema kwa ubaya. Kwake kazi ni kufundisha, kuuguza au kulima, na mtu anayeshinda akipangusa vumbi kwenye makochi ya wengine bado hajaanza. Mimi ni mwepesi wa hasira, kwa hivyo nilinyamaza bila kumpigia simu. Baadaye nikampigia, kwa sababu hasira zangu huwaka kama karatasi na huzimika vivyo hivyo.

Duka lenyewe lilikuwa kama maduka mengine ya barabara ile. Chini, magodoro yalipangwa hadi dari yakiwa bado ndani ya nailoni. Makochi yalibanana, moja likitazama mgongo wa jingine, na mteja aliyetaka kulikalia la nyuma ilimbidi apite upande upande. Juu, ghorofani, palikuwa na chumba kirefu chenye madirisha makubwa, na humo tulitupa makabati yaliyovunjika bawaba.

Mwenye duka ni mama mmoja mzito wa mwili na mwepesi wa maneno, mzaliwa wa Chekalini, ambako bado analima mahindi. Kila nilipomwambia kwamba bidhaa zetu hazionekani, alinijibu, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nilikuwa nimechoshwa na methali hiyo. Nilimwambia kwamba kizuri kikifunikwa na nailoni na kuwekwa nyuma ya kabati hakijiuzi, kinaota ukungu. Alicheka, kisha akanipa ghorofa.

"Chukua," alisema. "Lakini kuna mtu wa saluni ananisumbuanga kila siku anataka hapo juu. Krismasi ikifika kama watu hawanunui, nampatia, na wewe unarudi chini kwa magodoro. Tumeelewana?"

Nilisema tumeelewana. Nilifurahi mno hata sikulala vizuri. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu ambacho kingeitwa kazi yangu, na niliapa kwamba mama atakiona kwa macho yake.

Nilitazama picha kwenye simu mpaka macho yakauma. Huko ng'ambo, maduka yanayosifiwa yanapanga bidhaa kama nyumba inayokaliwa: zulia chini, taa juu ya kochi, kitabu kimeachwa mezani kama mwenyewe ameenda kuchukua chai. Nyumba zao nyingi hazikuwa na kuta ndani. Sebule ilienda ikaingia chumba cha kulala, na ungeketi kwenye kochi ukakiona kitanda chote, mito na kila kitu. Nikaona huo ndio uzuri. Nikatandika zulia la kijivu, nikaweka kochi la kijani katikati, meza ya chai, kiti kimoja cha pembeni, na nyuma yake, peupe, kitanda kikubwa cha mvule chenye shuka nyeupe na mito miwili. Mume wangu ni fundi wa umeme, akanifungia taa ya kuning'inia juu ya kochi na nyingine mbili kando ya kitanda. Tulipoziwasha jioni ile, huku mvua ikipiga mabati kama kawaida yake, nilisimama kwenye ngazi nikajipongeza mwenyewe, maana mume wangu alikuwa ameshaanza kukusanya nyaya.

Wakati huohuo kampuni moja ya magodoro ilitangaza shindano la duka lililopangwa vizuri zaidi katika upande wetu wa nchi, mshindi apewe tuzo ya kioo. Nilituma picha ya ghorofa. Haikupita muda tukaambiwa tumeingia katika yale maduka machache yatakayotembelewa na waamuzi kutoka Nairobi. Mwenye duka alishika simu yangu, akaikuza ile picha kwa vidole, akasema kumbe nina akili. Alianza kuzungumza juu ya tuzo ile ya kioo kana kwamba tayari ameiweka juu ya kaunta.

Tatizo ni kwamba watu hawakununua. Walipanda ngazi kwa wingi, nitasema ukweli. Vijana walipiga picha wakiwa wameketi kwenye kochi. Lakini wale wenye nia, wale wanaokuja kama familia kwa sababu kuna mahari inakuja au kijana amemaliza kujenga, walifika kwenye ngazi ya mwisho wakasita. Mzee angekohoa. Mama angegeuka kutazama dirishani kana kwamba ameitwa kutoka nje. Kisha mmoja wao angesema, "Tutarudi," na ningewasikia wakishuka haraka kuliko walivyopanda. Nilidhani wanaogopa kwamba vitu vilivyopangwa vizuri ni vya bei ya juu. Nikaandika bei kwa herufi kubwa. Waliendelea kusema watarudi, na hawakurudi.

Katikati ya hayo nikamwita mama. Nilimwambia aje aone, nitamnunulia chakula cha mchana, na hatapotea kwa sababu duka liko karibu na stendi ya magari ya Butere. Alikuja amevaa nguo ya Jumapili na leso mpya mabegani. Nilimpokea chini, nikamtambulisha kwa wenzangu, nikamtanguliza ngazini ili awe wa kwanza kuiona. Nilisahau kwamba asubuhi ile taa moja ya kitandani ilikuwa imekataa kuwaka na nilikuwa nimemwita mume wangu aje aitazame.

Mama alifika juu. Mbele yake kulikuwa na sebule, nyuma ya sebule kulikuwa na kitanda kimetandikwa, na kando ya kitanda alisimama mkwe wake, amevua viatu, bisibisi mkononi.

Mama alivuta leso akajifunika uso, akageuka, akanipita hapo ngazini kwa kasi ambayo sikujua bado anayo. Mume wangu naye alikimbilia dirishani akabaki ametazama nje, bisibisi bado mkononi. Nilimkuta mama ng'ambo ya barabara karibu na muuza njugu, akipumua kwa nguvu.

"Mama, ni duka," nilimwambia. "Hicho kitanda si chetu. Hakuna mtu alilala hapo."

"Duka gani linawekanga kitanda kwa sebule?" aliuliza. "Umeniingiza na mwana wa watu mbele ya kitanda. Watu wataniuliza ni nini nilikufunzanga, nitasema nini?"

"Lakini mama..."

"Niache niende kwetu."

Hakukubali chakula wala soda. Nilisimama pale nikitazama gari lake likiondoka, nikalia kwa aibu na kwa hasira, mbele ya muuza njugu ambaye alinipa karatasi ya njugu bila kuniambia nilipe. Niliona mama ameniaibisha. Ilichukua mchana mzima kuelewa kwamba mimi ndiye niliyemwaibisha.

Kwetu, mama mkwe na mume wa binti yake wana heshima kati yao. Husalimiana kwa mbali. Mama mkwe hawezi kuingia chumba anacholala mkwe wake, wala kukiona kitanda mkwe huyo akiwepo. Na baba na mke wa mwanawe ni vivyo hivyo. Siku hizi mengi yamelegezwa, lakini kitanda hakijalegezwa. Haya yote niliyajua tangu utotoni. Hata nyumba ya mama yangu, ya udongo na mabati yaliyochoka, ukuta wake imara kuliko zote uko kati ya sebule na chumba cha kulala. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi nilifunzwa na mama, kisha nikafunzwa na simu, na simu ikashinda.

Nikaanza kuwakumbuka wote waliosema watarudi. Kulikuwa na mkulima wa miwa na mke wa mwanawe. Kulikuwa na mama aliyekuja na kijana aliyekuwa anamwoa binti yake. Watu wa kwetu hawanunui fanicha peke yao, huja na wakwe, kwa sababu kiti ni cha kukaliwa na wakwe. Na mimi nilikuwa nimewaalika waketi wote pamoja wakitazama kitanda. Nilijiona mjinga, halafu nikacheka, maana ilichekesha.

Mwenye duka alikuwa Chekalini akivuna. Sikumpigia kumwomba ruhusa, kwa sababu nilijua angesema tungoje waamuzi. Nilimwita seremala wetu, akachukua plaiwudi na fremu za yale makabati yaliyovunjika, akajenga ukuta kutoka dirisha hadi dirisha, na katikati akaweka mlango halisi wenye kitasa. Tuliupaka rangi ya maziwa. Upande wa sebule nilitundika saa na kalenda, nikafunika mgongo wa kochi kwa vitambaa vya kufuma, kama ilivyo katika kila nyumba ninayoijua. Uzuri wa kwenye picha uliondoka. Watu wakaanza kuketi.

Waliketi kwelikweli. Walivua kofia, wakajaribu kiti cha pembeni, wakabishana nani atakaa wapi padre akija. Kisha anayehusika angenifuata nyuma ya ukuta, peke yake au na wa rika lake, akabonyeza godoro na kutazama chini ya kitanda, akatoka akiwa amefunga mlango. Tuliuza lile kochi la kijani, na lililofuata, na kitanda cha mvule.

Mwenye duka alirudi siku moja kabla ya waamuzi kufika. Alipanda ngazi akihema, akauona ukuta, akanigeukia.

"Hii ni nini?"

"Ni ukuta, Madam."

"Naona ni ukuta! Picha yenye tulituma haina ukuta. Hao watu wakikuja waone hii watasema sisi ni waongo." Alimwita seremala kwa sauti iliyosikika hadi barabarani. "Kuja na nyundo. Toa hii kitu yote leo."

Nilimwambia tumeuza. Aliniambia saluni nayo italipa kila mwezi bila kelele, na kilichobaki kuokoa ghorofa hii ni tuzo. Niliogopa, sitaficha. Nilijua akishabomoa, nitarudi chini, na mama atakuwa amesema kweli.

Seremala alikuwa ameinua nyundo wakati mzee mmoja wa Iguhu alipofika juu akifuatana na mke wa mwanawe. Mzee alitusalimu, "Mulembe," akaenda moja kwa moja akaketi kwenye kochi, akaruka ruka kidogo kulipima, akauliza chai iko wapi. Tulicheka. Yule binti hakucheka sana, alinitazama na kuuliza kwa sauti ndogo kama kuna vitanda. Nilimfungulia mlango, tukaingia, nikafunga. Tulipotoka alisimama karibu na ukuta, mikono ameikunja mbele.

"Baba," alisema, "huko ndani ni sawa."

"Ni sawa?" mzee aliuliza, akitazama saa niliyotundika.

"Ni sawa kabisa."

"Basi hiyo ya huko tuchukue, na hii yenye nimekalia."

Hakuuliza hicho cha huko ni nini. Mwenye duka alikuwa amesimama akiwatazama, na niliona uso wake ukibadilika. Yeye pia ana mkwe, kijana aliyemwoa binti yake, na sijawahi kumwona akimpa mkono.

"Enda umalize ile meza ya chini," alimwambia seremala. Akashuka nyuma yake akishika reli ya ngazi.

Waamuzi walikuja kesho yake, mwanamume na mwanamke, wote wapole. Walisifu taa. Kisha mwanamke akauliza mbona kitanda kilichokuwa kwenye picha hakionekani.

"Kinaonekana na anayepaswa kukiona," nilimjibu.

Alitabasamu, akaandika kitu. Tuzo ilienda mji mwingine. Sisi tulipewa cheti cha kushiriki, na mwenye duka akakitundika karibu na swichi ya choo, mahali ambapo lazima ukione ukitafuta taa. Krismasi ilipofika, yule wa saluni aliambiwa atafute pengine.

Mama alirudi baada ya sikukuu. Sikumwita mimi. Mume wangu ndiye aliyempigia, kwa heshima zote, akamwambia kuna ukuta. Siku hiyo mume wangu alikuwepo pia, nami nilitaka kumficha chini, lakini mama alikataa. Alipanda polepole, akasimama kwenye ngazi ya mwisho, akakagua chumba chote. Kisha akaketi kwenye kochi, akavuta kitambaa kilichokuwa kimekaa upande akakinyoosha.

"Mwambie mwana wa watu akae," aliniambia, ingawa mwana wa watu alikuwa anasikia.

Mume wangu akaketi kwenye kile kiti cha pembeni, mbali, miguu pamoja kama mtoto wa shule. Waliulizana habari za mvua na za watoto. Mume wangu aliposhuka kwenda kuchukua soda, mama aliinuka bila kuniuliza, akafungua mlango wa ukutani, akaingia. Nilisikia akilipiga godoro kwa ngumi, mara ya kwanza na mara ya pili. Akatoka, akafunga, akajaribu kitasa kuona kama kimeshika. Akarudi kuketi.

Simu yake ililia. Alikuwa mmoja wa wenzake wa kanisani, na kwa jinsi mama anavyopaza sauti kwenye simu, hata waliokuwa chini walisikia.

"Siko nyumbani," alisema. "Niko Kakamega, kazini kwa msichana wangu."