RAM nne za kasi, sloti nne, na sauti ya Papa Faida

Wakuu wa jukwaa hili, nawasalimu kutoka Goma.

Kiswahili changu ni cha huku kwetu. Mukikuta nimeandika mutu pahali ninyi munaandika mtu, musinirekebishe, someni tu. Habari hii ni yangu mwenyewe na sehemu kubwa yake inaniaibisha, kwa hiyo hamna sababu ya kufikiri nadanganya.

Kazi yangu ni montage, kukata na kuunganisha filme za harusi. Studio iko Majengo, chumba kimoja. Nje nilipachika kibao: MONTAGE VIDEO, ORDINATEUR YA MWENDO KALI. Hayo maneno ya mwisho muyakumbuke.

Sasa kuna tabia moja ya huku lazima niwaeleze. Miaka ile waasi waliingia mji, tulijifunza kwamba ordinateur, kompyuta ya mezani, haikimbizwi. Ni nzito. Unafungua ubavu wake, unatoa RAM na disk, unaweka mfukoni, unaenda. Ukirudi ukakuta sanduku, unaendelea na kazi. Usipolikuta, angalau uko na kitu cha kuanzia.

Siku mlima wetu wa volkano ulilipuka, nilifanya vilevile. Tulitembea kwa miguu mpaka Sake. Mke wangu, Mama Asha, alibeba mutoto na sufuria. Mimi nilibeba soksi yenye RAM mbili na disk. Mpaka leo hiyo soksi inatajwa nyumbani kila tukikosana.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama. Mungu asifiwe. Lakini yale matetemeko yalikuwa yamepasua sakafu ya studio, na meza ya kazi ikawa inachezacheza. Nilitafuta kitu cha kuweka chini ya mguu wake. Nikapata kile kitabu kidogo cha maelezo kilichokuja na carte mère, ule ubao mkuu wa ndani ya ordinateur. Kilitosha sawasawa, nikafurahi.

Basi siku moja akaja Mama Faida.

Huyu mama ni wa Kibati, upande wa mlima. Niliwapigia filme ya harusi ya binti yao Faida. Bwana yake, Papa Faida, alikufa na tension, presha ya damu, miezi michache kabla ya mlima. Kisha lava ikapita juu ya nyumba yao. Picha, CD, koti la muzee, vyote viliteketea.

Akaniuliza akiwa bado amesimama mlangoni: "Papa Asha, ile filme uko nayo?"

Nikamwambia niko nayo. Ilikuwa ndani ya soksi.

Yule mama akakaa chini akalia. Mimi nikaangalia kibodi.

Alichotaka ni kipande kimoja tu. Siku ya harusi, Papa Faida alisimama akambariki binti yake, dakika tatu hivi. Alitaka kionyeshwe siku ya kuondoa matanga, watu wote wakiwepo. Sauti ya muzee haikuwa pahali pengine popote duniani.

Wakuu, hapa ndipo ujinga wangu unaanza.

Juma lile lile nilikuwa nimepata RAM zingine mbili, ndugu kabisa za zile za kwanza. Chapa moja, ukubwa mmoja, mwendo 3600. Zile mbili za kwanza zilikuwa zinatembea 3600 bila shida. Carte mère ina sloti nne. Nikafanya hesabu ya mutu mzima: nafasi ni nne, RAM ni nne, tatizo liko wapi?

Nikazipachika. Nikawasha. Skrini nyeusi.

Mara ya tatu ikawaka. Nikaingia BIOS, nikawasha XMP, ile ya kupandisha RAM mpaka mwendo ulioandikwa kwenye sanduku lake, 3600 ikaonekana pale, nzuri kabisa. Nikaita hata Muzee Salumu aje kuiona. Huyu ni jirani yangu, anatengeneza redio.

Nusu saa baadaye, skrini ya bluu, mashine ikaanguka.

Nikasema ni courant, umeme. Huku kwetu kila kitu ni courant. Nikaazima stabilisateur ya kuutuliza. Bluu tena. Nikasema basi ni matetemeko, RAM zimelegea. Nikazitoa, nikazipangusa, nikazirudisha. Mama Asha akasema ni vumbi la mlima. Tukapuliza.

Muzee Salumu aliangalia tu, akasema: "Si ulikuwa na mbili? Toa mbili."

Nikamjibu: "Muzee, wewe ni mutu wa redio."

Akarudi kwake. Hakununa, na hiyo ndiyo inaniuma.

Kati ya bluu moja na nyingine mashine ilikuwa inafanya kazi. Kwa hiyo nikafanya kazi. Disk ya kwenye soksi ilikuwa imezeeka, nikahamishia filme ya Faida kwenye disk mpya. Ikafika mia kwa mia, hakuna ujumbe wowote wa kosa. Sikuifungua kuiangalia. Nikafuta disk ya zamani nikaanza kuijaza harusi zingine.

Ndiyo, nilifuta. Tukaneni, nawaachia nafasi.

Siku tatu kabla ya matanga nikafungua filme. Wageni wanaonekana vizuri. Faida na nguo yake nyeupe, vizuri. Papa Faida anasimama, anainua mkono, anasema: "Faida, mutoto wangu." Kisha vinakuja viraka vya kijani na sauti ya kukwaruza, mpaka watu wanapiga makofi.

Nilirudia labda mara ishirini.

Nikaendesha MemTest, programu ya kupima RAM. Kosa nyekundu skrini nzima. Nikaweka kichwa mezani, meza ikayumba, na hapo nikakumbuka kitabu.

Nikakivuta kutoka chini ya mguu. Ukurasa mmoja una jedwali. Ukiweka RAM mbili, mwendo ni huu. Ukiweka nne, mwendo unashuka, kwa sababu kile kiongozi cha memory ndani ya processor hakiwezi kukimbiza nne kwa mwendo wa mbili. Ile namba kwenye sanduku la RAM ni ahadi ya RAM peke yake. Nikashusha mpaka 2666. MemTest ikapita safi, mpaka leo haijaanguka.

Lakini kile RAM zilichoharibu wakati nahamisha filme kwenye disk mpya kilibaki vibaya.

Nikaenda kwa Mama Faida, pale amepanga Mapendo. Alikuwa anachambua maharagwe. Nikamweleza yote, hata kitabu. Nilitaka anigombeze.

Akauliza: "Anaonekana?"

"Anaonekana, mama."

"Anasema?"

"Anaita Faida. Kisha inakatika."

Akatoa jiwe moja kwenye maharagwe, akalitupa. "Basi weka pale anaita."

Siku ya matanga nikaweka, projecteur ikapiga picha ukutani. Muzee akainua mkono: "Faida, mutoto wangu." Nikasimamisha kabla ya viraka. Akabaki ukutani, mdomo wazi.

Kisha kutoka nyuma Faida akaitika, "Karame, papa." Kwao mutoto akiitwa na mzazi anaitika hivyo.

Mama yake akaniambia: "Rudisha."

Nikarudisha. Muzee akaita. Faida akaitika. Sijui mara ngapi. Nililia mbele ya wateja wangu.

Somo, wakuu: soma kitabu cha carte mère kabla ya kukipa kazi ya meza. RAM nne zishushe mwendo, au baki na mbili. Pima kabla ya kuzipa kitu cha mutu. Na usifute cha zamani kabla ya kufungua kipya.

Kibao nimekishusha. Muzee Salumu aliniuliza kama nilitoa mbili, nikasema nilipunguza mwendo. Akasema ni kilekile.

Wataalamu wa kurudisha data, karibuni hapo chini. Disk ile ya zamani niliichomoa, iko kwenye soksi. Niliandika harusi mbili juu yake. Niambieni ukweli kama kuna kitu kimebaki, kwa sababu Faida anapiga simu kila Jumapili, na mimi kila Jumapili namwambia bado natafuta.