Kopo Lililooshwa Mara Tatu

Michembe iliyokaushwa vizuri hunukia jua na vumbi. Ukiingiza mkono kwenye kihenge na kuutoa, unga mweupe unaobaki vidoleni ni wanga wa viazi vitamu tu. Michembe ya bibi mmoja wa kijiji cha jirani na Mhunze, asubuhi niliyokwenda kwake, ilinuka kama ghala la pamba msimu wa kugawa dawa ya wadudu.

Nilikuwa bwana afya wa kata. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na kupata kozi fupi ya afya. Mengine yote nilijisomea. Kazi niliyopewa ilikuwa vyoo, bucha na soko. Kuhusu dawa inayobaki ndani ya chakula hakuna aliyenituma. Lakini watu walipanda nyanya na mchicha kati ya mistari ya pamba, wakapuliza vyote pamoja, na keshokutwa wakachuma na kuleta sokoni. Karatasi iliyokuja na dawa ilitaka zipite siku kumi na nne kabla ya kuchuma. Nikaanza kuandika kwenye daftari: nani kapuliza lini, nani kauza lini. Zaidi ya daftari hilo, kipimo changu kilikuwa pua.

"Bwana Afya," muuza nyanya mmoja aliniuliza mbele ya wenzake, "hizo siku kumi na nne nitazihesabu mimi, au nizifundishe nyanya? Maana zenyewe zinaoza siku ya tano."

"Mwache azile mwenyewe," akasema mwenzake. "Siku atakwenda kuzihesabia chooni. Si ndiko ofisini kwake?"

Wakacheka. Nikaandika tarehe na kuondoka.

Mganga wa zahanati ndiye aliyenipeleka kwa yule bibi. Mjukuu wake, msichana wa miaka kama sita, alikuwa ameshikwa na degedege mara tatu ndani ya mwezi mmoja, bila homa. Damu yake ilipimwa, malaria haikuonekana. Mikono ilimtetemeka na mate yalimtoka hata alipokuwa amelala. Mama yake alikwishafariki. Mtoto alikula na kulala kwa bibi.

"Shikamoo, mayu," nilimwamkia, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

"Marahaba, baba. Karibu. Umekuja kuangalia choo?"

"Nimekuja kuangalia kihenge."

Hakuficha kitu. "Zamani kunde na michembe tulichanganya na majivu," alisema. "Tangu tuhamishiwe hapa kijijini, kuni ni za kuhesabu. Majivu ya kujaza kihenge nitayatoa wapi? Mkwe wangu akaniletea dawa ya pamba iliyombakia."

"Uliweka kiasi gani?"

"Kama majivu." Akakutanisha viganja viwili kunionyesha.

"Hukuogopa?"

"Serikali ndiyo iliyotupa. Na huyo fukusi wa kunde na mdudu wa pamba wana tofauti gani? Wote wana meno."

Kunde aliziosha mara moja kabla ya kupika, kwa maji machache, kwa sababu kisima kilikuwa mbali.

Niliamini chakula kile kilikuwa na sumu. Kuamini si kujua, nami nilitaka kujua. Maabara ya serikali huko Dar es Salaam ilipokea vyakula vya kupimwa, na maelekezo yake yalitaka chombo safi, kikavu, chenye kifuniko cha kubana. Kwetu vifuniko vya namna hiyo vilikuja na kitu kimoja tu: makopo ya dawa ya pamba. Yalikuwamo katika kila nyumba. Yalikuwa imara, hayakuvuja, hayakuingiza sisimizi. Mke wangu aliweka chumvi ndani ya moja.

Nilichukua matatu. Niliyaosha kwa sabuni na maji ya moto, kila moja mara tatu, nikayaanika juani, nikayanusa. Yalinuka sabuni. Katika la kwanza niliweka kunde za bibi, la pili michembe yake, la tatu kunde za nyumbani kwangu, ambazo hazikuwahi kuguswa na kitu ila majivu. Nilikuwa nimesoma kwamba anayepima sharti awe na kitu kisafi cha kulinganishia. Kopo hilo la tatu nililionea fahari. Yote matatu yakaenda kwa basi hadi Shinyanga, kisha kwa treni.

Nilimwambia bibi asile chochote cha kihenge mpaka barua irudi.

"Nitakula hiyo barua?" akauliza.

Majirani walimsaidia kwa wiki moja. Wiki ya pili nilipita kwake na kumkuta msichana chini uani, mgongo umejikunja, macho yamegeuka. Sikuuliza walikuwa wamekula nini. Siku iliyofuata nilitumia mamlaka niliyokuwa nayo juu ya chakula kisichofaa kuliwa. Tulichimba shimo, tukamwaga magunia manne ya kunde na michembe yote, tukatia mafuta ya taa. Watu walisimama upande unaotoka upepo, wamefunika pua. Bibi alisimama mbele yao.

"Moto unakula vizuri," alisema. "Wala haujaosha."

Mwenyekiti wa kijiji aliahidi mahindi ya msaada. Yalikuja mara moja, debe moja na nusu. Kisha ikaja miezi ya ukame, na kila nyumba ikaanza kupika usiku mmoja na kuruka mwingine, hivyo majirani nao wakapungukiwa na huruma. Degedege haikukoma. Msichana alikonda, akawa anatembea kwa kushika ukuta. Alifariki kabla ya mvua za kwanza. Mganga aliandika degedege, akaandika utapiamlo, na hakusema kipi kilitangulia.

Barua ilifika wiki tatu baada ya mazishi. Kunde za bibi zilikuwa na dawa ya pamba, nyingi. Michembe yake vilevile. Kunde za nyumbani kwangu vilevile, karibu kiasi kilekile. Chini kabisa mtu alikuwa ameongeza mstari mmoja kwa kalamu: tafadhali tueleze vyombo hivi vilikuwa na nini kabla.

Nilikwenda nyumbani, nikamwaga chumvi kwenye bakuli, nikafunga lile kopo tupu na kuliacha juani mpaka likawa la moto. Nilipofungua, harufu ilikuwamo, nyembamba, chini ya harufu ya bati. Watoto wangu walikuwa wamekula chumvi ile miaka miwili.

Kesho yake nilimpelekea bibi barua.

"Soma," alisema.

Nikasoma yote, na ule mstari wa kalamu, nikamweleza maana yake.

"Kwa hiyo hujui," alisema.

"Sijui, mayu. Huenda dawa ilikuwa kwenye kunde zako. Huenda ilitoka kwenye makopo yangu. Huenda vyote viwili."

"Na kunde ulizichoma."

"Nilizichoma."

Aliingia ndani kuniletea maji, kwa kuwa nilikuwa nimetembea juani na mgeni hupewa maji. Aliyaleta ndani ya kopo. Kingo zake zilikuwa na mfuo wa kifuniko cha kubana, na maandishi ubavuni yalikwishafutika kwa kusuguliwa na mchanga.

"Mtoto alikuwa akinywea hili?" niliuliza.

"Maji na uji. Kibuyu kilivunjika siku tulipohamishwa." Alilitazama kopo, kisha akanitazama mimi. "Na hili utalichoma?"

Nililipokea kwa mikono miwili. Sikunywa, na aliona kwamba sikunywa. Nilimwaga maji pale uani, nikamwomba nilichukue kopo, naye akasema chukua, kuna jingine.

Jioni hiyo niliijibu maabara. Niliandika kwamba vyombo vyote vitatu vilikuwa na dawa ya pamba kabla, na kwamba niliviosha mara tatu.