Prosesa ya Mama Mdogo

Nilikasirika wiki tatu mfululizo, na naona niseme hivyo mapema, maana watu wanaonifahamu hapa Sumbawanga wanadhani mimi ni mpole.

Kazi inayonipa ugali ni kutengeneza kompyuta za ofisi mjini. Kazi inayonipa ugomvi ni ya kujitolea. Pamoja na watu wachache wa nchi za mbali, ambao sijawahi kuwaona hata sura, natunza mfumo mdogo wa kuendeshea kompyuta, wa bure, kwa ajili ya mashine zilizochoka. Sehemu yangu iko kwenye kiini cha mfumo, ndani kabisa, pale programu zinapokutana na prosesa, ubongo wa kompyuta. Prosesa za zamani zinajua hali moja tu ya kufanya kazi, ile ya biti thelathini na mbili. Zilizofuata zinajua pia ile ya sitini na nne. Mimi ndiye niliyekuwa nimebaki nikiitunza ile ya zamani.

Wenzangu wakaandika kwamba wanataka kuiondoa. Inawachelewesha, kila marekebisho yanajaribiwa mara mbili, na nani hasa bado anaitumia? Nikajibu kwamba mama yangu mdogo anaitumia. Mmoja wao, kwa ile adabu yao inayoudhi, akauliza kama naweza kuleta ushahidi: orodha ya uwezo wa prosesa, iliyotolewa na mashine yenyewe. Mwisho wa mwezi wangeamua.

Ushahidi. Utadhani nimewatungia mdogo wa mama yangu.

Mama mdogo ana steshenari Muze, kule chini upande wa Ziwa Rukwa. Anachapa barua za maombi, mitihani ya shule za msingi, mihtasari ya vikao vya kijiji, kadi za harusi. Kompyuta nilimpelekea mimi, ikiwa imeshatumika na wengine, na ndiyo inayoendesha nyumba yake tangu baba mdogo afariki. Shida ilikuwa moja. Programu mpya za kufungulia mtandao ziliacha kukubali hali ya zamani, kwa hiyo fomu za mikopo ya wanafunzi, za vyeti vya kuzaliwa na za ajira hazikufunguka kwake. Aliponipigia simu nilimwambia, "Mama, mashine yako ni ya zamani, hiyo haiwezi." Hakubishana. Mimi ndiye fundi. Wateja wa fomu wakahamia kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, na wengi walipohamia walihama na barua zao pia. Imepita miaka miwili.

Kwa hiyo nilipogombana na wale watu nilikuwa namtetea yeye. Kiini kikiondolewa ile hali, hata kile kidogo alichobaki nacho kingekwisha siku yoyote. Niliwaandikia barua ndefu kupita kiasi. Niliwaambia ni rahisi kutupa kitu unapokaa mahali ambapo kipya kinaletwa mpaka mlangoni. Barua ile niliipenda, niliisoma tena na tena kabla ya kuituma.

Kumwomba mama mdogo apige picha ya skrini kwa simu kungetosha. Lakini nilikuwa nimeshapandwa na hasira, nikataka niende mwenyewe, niwaletee ushahidi usio na shaka. Jumamosi asubuhi nikashuka Muze. Sweta niliyotoka nayo mjini niliivua kabla hatujamaliza mteremko.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kuitibu au kuizika?"

Nilicheka, nikavuta kiti, nikaandika amri ya kuiuliza prosesa inajua nini. Orodha ikatoka, herufi ndogo ndogo mistari kadhaa. Nilikuwa nainakili ili niwatumie nilipoziona katikati herufi mbili, l na m. Ndizo zinazosema kwamba prosesa inaijua hali mpya. Nikarudia amri. Zikatoka zilezile.

Nikageuza boksi la kompyuta. Ubavuni kulikuwa na namba 32 iliyoandikwa kwa kalamu nzito, kwa mwandiko wangu. Nikakumbuka. Siku ile nilikuwa na diski moja tu, ya mfumo wa zamani, nikaiweka hiyo, nikaandika namba ili nisisahau. Kisha kwa miaka yote nikauamini mwandiko wangu kuliko mashine. Nilijisikia mjinga, na hasira niliyokuwa nayo kwa wale watu haikuwa na pa kwenda.

"Imekufa?" mama mdogo aliuliza.

"Hapana, mama. Ni nzima. Zile fomu ilikuwa inaweza kuzifungua. Tangu siku niliyoileta."

Aliweka chini karatasi alizokuwa anapanga. "Si wewe uliyesema haiwezi?"

"Ni mimi."

"Uliiangalia?"

"Sikuiangalia."

Alisema neno moja la Kifipa ambalo siliandiki hapa, akarudi kwenye karatasi zake.

Mfumo mpya nilikuwa nao kwenye flashi. Nikauweka, na kufika saa nane mchana fomu ya mikopo ilikuwa wazi kwenye skrini. Nikiwa palepale nikawaandikia wenzangu kwamba sina mtumiaji wa ile hali ya zamani, waiondoe. Kazi ya kuikata nitaifanya mimi. Walinishukuru kwa uaminifu wangu. Nilitamani wanitukane.

Hazikupita dakika nyingi akaingia binti aliyemaliza kidato cha sita, vyeti mkononi, akauliza kama hapa wanajaza fomu za mkopo. Nilimtazama mama mdogo kwa furaha. Alikaa mbele ya kompyuta, akasogeza mshale huku na huku, akabonyeza mahali, ukurasa ukapotea. Akaurudisha. Ukapotea tena. Akaondoa mkono.

"Nenda hapo ng'ambo, mwanangu. Mimi hizi sizijui."

Nikasema asiende, nitamjazia mimi.

"Na Jumatatu utakuwepo?" mama mdogo aliniuliza.

Nikasema hapana. Yule binti akakusanya vyeti vyake, akavuka barabara.